Nataka kumwondolea halati jiko la kuni, nyumba ya mawe Mkomani. Nisaidieni kabla sijavunja kitu

Mpwa_wa_Mkomani (Jumanne, saa 3 usiku)

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba akili zenu kabla ya Jumamosi, maana fundi ameshanipa siku.

Halati yangu, dadake mama, ana miaka sabini na kitu, anakaa na mjukuu wake wa darasa la sita katika nyumba ya mawe hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Jiko lake liko juu kabisa, kama majiko ya nyumba nyingi za zamani: ukuta mfupi pande tatu, paa la makuti, na jiko lenyewe ni la kujengwa kwa mawe na udongo, lina matundu mawili na dohani inayotoboa makuti. Alilijenga marehemu mumewe kabla mimi sijazaliwa. Hapo ndipo anapochoma mahamri ya kuuza kila alfajiri, na Ramadhani ndiyo usiseme.

Wiki iliyopita nilipanda kumfungia taa. Nikaushika mti uliobeba paa, ule ulio juu ya jiko. Vidole vikatoka vyeusi, na kipande kikamegeka kama mkaa. Halati mwenyewe anakohoa tangu msimu wa upepo wa kusi uliopita. Nimemwambia basi halati, tuiache kuni. Akanijibu, "Mato yangu yamezowea moshi, ni wewe usozowea."

Nia yangu ni kuvunja jiko, kununua mtungi wa gesi wa kilo 13 na jiko la meza la matundu mawili. Mjomba anasema nampelekea dadake bomu darini. Kuna lolote nisilolijua?

Fundi_Chokaa (Jumanne, saa 4 usiku)

Alaykum salaam. Habari ni huo mti, jiko lenyewe lisubiri.

Mti uliokaangwa na joto miaka na miaka, hata kama haujawahi kushika moto, hugeuka mkaa ndani kwa ndani, na ukishafika hapo huwaka kwa joto dogo kuliko mti mpya. Yaani unaweza kupika miaka arobaini bila kisa, siku moja cheche ya kawaida tu ikatosha. Chukua bisibisi, uchome kila mti ulio karibu na dohani. Ikizama bila nguvu, mti huo umekwisha.

Sasa lile ambalo watu husahau. Jiko limekaa juu ya nini? Limekaa juu ya dari ya chumba cha chini, na dari za nyumba zetu ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa. Teremka, washa tochi, tazama boriti zilizo chini ya jiko. Ukiona moja imepinda, imepasuka au imebadilika rangi, usiruhusu mtu kugonga nyundo huko juu. Mwanzo utie mhimili chini.

Na uangalie kama dohani imeshikilia kitu. Wazee walipenda kuegemeza. Unaweza kuvunja jiko ukashuka na paa.

Punda_wa_Langoni (Jumanne, saa 4 na nusu usiku)

Mtungi wa 13 utapandishwa na nani hizo ngazi? Punda wetu hafiki ghorofani 😂

Gesi_na_Mashua (Jumatano, saa 1 asubuhi)

Huyo Punda anacheka lakini kasema neno. Mimi kazi yangu ni mitungi, naivusha kutoka Mokowe, upande wa bara. Mtungi wa kilo 13, kilo hizo ni za gesi peke yake. Ukitia na chuma, unabeba kilo ishirini na tano kwenda juu. Ngazi za nyumba ya mawe unazijua: nyembamba, zina kona, na kila kipandio kina urefu wake. Nimeona kijana amechoka katikati, akauteremsha kwa kuubiringisha. Mtungi haubiringishwi, kichwa chake kikigonga ukuta ndipo bomu la mjomba linapozaliwa.

Ushauri wangu: mitungi miwili ya kilo 6. Mmoja unatumika, mmoja unasubiri. Lakini usimwekee zile pete za chuma zinazofungwa juu ya mtungi na sufuria kukaa hapo hapo. Kwa chai sawa. Kwa karai ya mafuta ya mahamri, hapana, inayumba. Mnunulie jiko la chuma lenye miguu, mpira na rejuleta yake. Na useme mapema kuwa unataka ya kilo 6, kwa sababu rejuleta ya 13 mara nyingi haikai kwenye 6. Ukiona mtu anaifunga kwa kitambaa na gundi, mkimbie.

Sasa gesi yenyewe. Wengi wanadhani jiko likiwa juu na wazi, gesi ikivuja itapeperuka. Moshi hupanda, lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni kama maji. Umesema kuna ukuta mfupi pande tatu, basi hilo ni beseni. Na upande wa nne najua ni nini bila kuuliza: ni mlango wa ngazi. Gesi ikivuja usiku itajaa beseni, kisha itateremka ngazi pole pole hadi msana (ukumbi) na kiwanda (ua wa ndani), na huko chini kuna mtu atawasha kiberiti au swichi ya taa akielekea msikitini alfajiri. Lita moja ya gesi iliyo maji humo ndani ikitoka inakuwa kama lita 250 za hewa. Na haihitaji kuwa nyingi, sehemu 2 tu katika 100 za hewa zinatosha kuwaka.

Kwa hiyo: toboa tundu mbili tatu za usawa wa sakafu kwenye ukuta wa upande wa nje, mbali na ngazi. Mtungi ukae upande huo huo. Na mlango wa ngazi uwe na kizingiti.

Mpwa_wa_Mkomani (Jumatano, saa 2 asubuhi)

Kizingiti hakipo. Na upande wa nne ni mlango wa ngazi kweli. Umejuaje?

Gesi_na_Mashua (Jumatano, saa 2 asubuhi)

Nimepanda nyumba zenu nyingi, ndugu yangu. Magoti ndiyo shahidi.

Nahodha_Mstaafu (Jumatano, saa 5 asubuhi)

Vijana mna haraka. Moshi huo mnaoulaani ndio unaoyafukiza makuti. Paa la jiko la kuni hukaa muda kuliko la sebule, kwa sababu mdudu hakai penye moshi. Utoe moshi leo, mwaka ujao unaezeka upya. Na wali wa gesi hauliki.

Muuguzi_Shela (Jumatano, saa 7 mchana)

Baba nahodha, shikamoo. La makuti ni kweli kabisa, nami ningeomba mpwa aliweke katika hesabu zake, asije akalaumu gesi. Lakini moshi unaofukuza mdudu ndio huo huo unaoingia kifuani mwa mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, uso wake kiasi cha hatua moja na tundu la jiko, saa tatu au nne kwa siku, maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kikohozi cha tangu kusi ni kirefu. Kabla ya fundi, mpeleke halati hospitali apimwe kifua. Usikiache kikohozi hicho kimsubiri fundi.

Mambo mawili mengine, ya kazi yangu.

Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili watu washtuke. Pua ya mtu mzima hupungua nguvu, na iliyokula moshi miaka hamsini ndiyo zaidi. Mjaribu: fungua chupa ya karafuu nyuma yake bila kumwambia, uone kama atasema kitu. Asiposema, basi pua ya nyumba ni ya yule mjukuu, naye ndiye wa kufundishwa.

La pili ni seredani, lile jiko dogo la makaa. Nakuhakikishia hata ukimpa gesi ya dhahabu atabaki na seredani ya makaa kwa wali na samaki. Sawa. Hatari ni siku ya mvua. Jiko la zamani halikuweza kuhamishwa, lilikuwa juu, mvua ikinyesha alipika hapo hapo. Seredani inabebeka. Ataiteremsha ndani, atafunga dirisha, na makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonya. Hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, mtu anasikia kichwa kizito, analala, haamki. Tumepokea watu wa namna hiyo. Seredani ina nafasi moja tu, nayo ni juu.

Mama_Mahamri (Jumatano, saa 2 usiku)

Niko Malindi, nimehama kuni kwenda gesi nikiuza mahamri, basi nisikilizeni mimi niliyeungua.

Tuliponunua gesi, mwanangu alinijengea meza nzuri ya kisasa, ya kusimama. Mimi nimepika nikiwa nimekaa tangu nina miaka tisa. Nilikuwa sioni ndani ya karai. Kusimama nayo mafuta yanachemka usawa wa kifua si mchezo, yakinimwagikia yananipata uso. Nikawa naliteremsha jiko chini kwa siri, na mpira unajikunja chini yake. Mwulize halati anakaa au anasimama. Akikaa, mjengee kitako cha mawe cha urefu wa goti, jiko likae hapo, na kigoda chake kibaki.

Kisha mimi nilipalia. Mnajua wali wa nazi haukamiliki bila kupaliwa, makaa juu ya kifuniko. Nikaweka sufuria kwenye gesi, nikatia makaa juu kama nilivyozoea kwenye mafiga. Kaa moja likateleza likaangukia mpira. Nilisikia tu "fuu!" Alhamdulillahi mtungi ulikuwa karibu na mkono nikaufunga. Ningekuwa nimemwaga maji kwanza ningekuwa nimeungua mara mbili. Tangu siku ile wali hukauka kwenye gesi kwa moto mdogo kabisa, chini yake nimeweka tawa la chapati ili joto lisipige pahali pamoja, kisha naubeba na kuupalia kwenye seredani, upande wa pili wa dari. Nahodha akija Malindi nitampa sahani, aniambie kama hauliki.

Mafuta ya karai yakishika moto: funga gesi, funika kwa kifuniko au sinia, usilisogeze karai, usitie maji. Karibu nami kuna kifuniko cha karai daima, hata kama sikihitaji.

Mkuu_wa_Tanga (Alhamisi, saa 3 asubuhi)

Wakuu, mnamtaabisha bi mkubwa. Kwa nini asijengewe jiko banifu la kuni? Linakula kuni kidogo, moshi unapungua, na ladha inabaki. Huku kwetu yapo mengi.

Fundi_Chokaa (Alhamisi, saa 4 asubuhi)

Mkuu, kwa nyumba ya uwanjani nakubaliana nawe. Hapa kuna makuti mkono mmoja juu ya moto, mti ulioiva mkaa, na nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingine zina wikio, chumba kinachopita juu ya njia. Pepo za kusi zikishika cheche Mkomani hazitaishia Mkomani. Jiko banifu nalo lina moto wa kuni ndani yake. Na umeme kabla hamjauliza: jiko la sahani moja ya wati 2000 linavuta zaidi ya ampea 8. Waya za nyumba zile nazijua, nyingine zimepita chini ya mkeka. Hapana, mpaka zitandazwe upya.

Mpwa, jambo la ukuta. Usimruhusu fundi kuziba mahali pa jiko kwa saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe unapumua, una chumvi na unyevu ndani yake. Saruji inaufungia, baada ya misimu miwili lipu inaanguka na jiwe linageuka unga. Tumia chokaa. Na zile tundu za gesi, maadamu nyumba iko Mji wa Kale, pitia ofisi ya Makumbusho uwaambie. Mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, mtu hatoboi tu.

Mpwa_wa_Mkomani (Jumamosi, saa 6 mchana)

Tumesimamisha kazi. Naandika nikiwa juu.

Jiko tuliliacha baridi siku tatu, na bado katikati ya jivu nimekuta kaa jekundu, wallahi. Jivu tumelitia kwenye debe la bati lenye mchanga. Boriti za chini mbili zimepinda, tumetia mihimili. Halafu fundi akachukua msumeno akate dohani. Akapaka mate mkononi, akaanza. Mjukuu akauliza, "Mbona bomba hili si la bati?" Nikaligonga. Linalia kama kigae, ni la kijivu, gumu, na pale lilipokatika pembeni kuna nyuzi nyuzi. Fundi anasema ni saruji tu, tuendelee. Mimi moyo umekataa.

Fundi_Chokaa (Jumamosi, saa 6 mchana)

WEKA MSUMENO CHINI. Hiyo ni saruji ya asibesto. Mabomba hayo yalikuwa kila mahali zamani, ya maji na ya dohani, kwa sababu hayaungui. Likiwa zima halina neno. Ukilikata, kulivunja au kulisugua, vumbi lake lina nyuzi usizoziona, zikiingia pafuni hazitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka ishirini, thelathini. Mtoto huyo mteremshe chini sasa hivi.

Nyunyizieni maji pale mlipokata. Msifagie kavu. Vumbi mlifute kwa kitambaa kibichi, kitambaa na mabaki mvitie kwenye nailoni nzito mara mbili, mfunge. Nguo mlizovaa zisichanganywe na za nyumba. Kisha liacheni bomba limesimama. Kwa kanuni za taka za Kenya asibesto ni taka hatari, lazima iondolewe na mwenye kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira. Haitupwi baharini, haipondwi kujazia shimo.

Muuguzi_Shela (Jumamosi, saa 7 mchana)

Pelekeni zawadi kwa huyo mtoto.

Mpwa_wa_Mkomani (Jumapili, wiki tatu baadaye)

Asalaam alaykum. Narudi na habari, maana mada nyingi jukwaani huishia njiani.

Bomba bado liko. Limefungwa kifuniko juu, limepakwa rangi mara mbili kuziba uso wake, limefungwa ukutani kwa waya. Maombi ya wa kuliondoa tumepeleka. Sehemu iliyobaki ya jiko tumeivunja kwa patasi pole pole, mawe yameteremshwa kwa ndoo, mawili halati kayaweka kwenye kidaka chake cha ukutani, hataki kusema kwa nini. Miti mitatu ya paa tumeibadilisha. Boriti za chini pia mbili.

Gesi ni mitungi miwili ya kilo 6, iko upande wa bahari penye tundu, imesimama juu ya kibao ili chini yake isile kutu. Klipu za mpira nilizonunua mwanzo zilianza kutu siku ya tano kwa hewa ya chumvi, nikabadilisha zote kwa za chuma kisichoshika kutu. Kila mtungi ukibadilishwa mjukuu anapaka povu la sabuni kwenye kichwa na kwenye mpira, kukitoa mapovu hakuna anayewasha. Usiku anafunga mtungi kwanza, anaacha moto ujifie, ndipo anafunga jiko. Jaribio la karafuu: halati hakusema kitu. Nilipomwonyesha chupa akasema alisikia ila hakutaka kunikatiza maneno. Muuguzi, nimeelewa.

Kifua kimepimwa, amepewa dawa, na arudi mwezi ujao.

Jiko limekaa kwenye kitako cha goti, Mama Mahamri Mungu akuweke. Siku ya kwanza mahamri yalitoka meusi nje na mabichi ndani, kwa sababu moto wa kuni aliupunguza kwa kuvuta kijiti na huu hakujua avute nini. Siku ya nne yakanyooka. Wateja wawili wamesema ladha imebadilika, mmoja wao ni mjomba, na alikula saba.

Seredani iko juu, upande wa pili. Mvua ya Jumanne nilipiga simu kuuliza iko wapi. Akanambia, "Iko inanyeshewa, umeridhika?"

Nahodha_Mstaafu (Jumapili, saa 3 usiku)

Na makuti?

Mpwa_wa_Mkomani (Jumapili, saa 3 usiku)

Baba nahodha umeshinda hapo. Kona iliyokuwa juu ya dohani imekauka kama karatasi, na tayari kuna wadudu. Inataka kuezekwa kabla kusi haijakaza. Kuna mwenye kumjua msuka makuti wa upande wa Matondoni au Kipungani, asiyechelewa?

Gesi_na_Mashua (Jumapili, saa 3 na robo usiku)

Wasuka makuti ninawajua wanne. Asiyechelewa simjui. Nitumie ujumbe wa ndani, kesho navuka upande ule.